Randy Pausch: Profesa aliyewafundisha wanafunzi kompyuta bila wao kujua

JUMANNE ya Septemba 18, 2007, watu wapatao 400 walijaa katika ukumbi wa McConomy wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, kumsikiliza profesa wa kompyuta aliyekuwa akiaga. Randy Pausch alikuwa na umri wa miaka 46. Mwezi mmoja kabla ya hapo, madaktari walikuwa wamemweleza kuwa saratani ya kongosho aliyopambana nayo kwa takriban mwaka mzima ilikuwa imerejea na kuingia kwenye ini, na kwamba alibakiwa na miezi kati ya mitatu na sita ya kuwa na afya nzuri.

Pausch aliionyesha hadhira picha za vivimbe vipatavyo 10 vilivyokuwa kwenye ini lake, akaeleza hali yake kwa maneno machache, kisha akashuka chini na kupiga pushapu jukwaani ili watu waone kuwa mwili wake ulikuwa bado na nguvu. Kwa dakika 76 alizungumzia ndoto zake za utotoni na namna alivyozitimiza. Video ya mhadhara huo ilisambaa kwenye intaneti na kutazamwa na mamilioni ya watu. Hadi leo, miaka mingi baada ya kifo chake, hicho ndicho walio wengi wanachokijua kumhusu: mtu aliyeyakabili mauti huku akitabasamu.

Lakini kuelekea mwisho wa mhadhara ilikuwapo sehemu ambayo wengi huipita haraka. Pausch aliitaja kazi aliyotaka ihesabiwe kuwa urithi wake wa kitaaluma, nayo haikuwa ujasiri wake mbele ya ugonjwa. Ilikuwa programu ya kompyuta iliyoitwa Alice, iliyotolewa bure, ambayo ilimwezesha mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta kujifunza kuandika programu kwa kupanga vipande vya maagizo kwa kipanya na kutazama sungura, pengwini au mtu wa theluji akiyatii maagizo hayo kwenye skrini. Akijifananisha na Musa, alisema kuwa nchi ya ahadi ameiona kwa mbali lakini hataikanyaga.

Randolph Frederick Pausch alizaliwa Oktoba 23, 1960, Baltimore, katika Jimbo la Maryland, na kukulia katika mji wa Columbia uliopo jimbo hilo hilo. Baba yake, Fred, alikuwa muuza bima na mama yake, Virginia, alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Haikuwa familia ya kitajiri, wala haikuwa ya kuponda mali; fedha zilitumika kwa uangalifu, ila kwa elimu hapakuwa na ubahili. Alipokuwa kijana, Pausch aliomba ruhusa ya kuchora kuta za chumba chake cha kulala, na wazazi wake wakamkubalia. Alichora roketi, milango ya lifti na kanuni ya hisabati ya kutafuta majibu ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Miaka mingi baadaye aliwasihi wazazi wengine kuwaruhusu watoto wao wafanye hivyo, bila kujali bei ya nyumba itakapouzwa.

Njia yake ya masomo haikunyooka kama ambavyo vyeo vyake vya baadaye vingeweza kumfanya mtu adhani. Chuo Kikuu cha Brown kilimweka kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi. Alipiga simu tena na tena hadi wakamkubali. Hapo alikutana na Andries van Dam, mmoja wa waasisi wa taaluma ya michoro ya kompyuta, ambaye alimfanya msaidizi wake wa kufundisha.

Van Dam aliona kipaji, akaona na kasoro. Siku moja alimchukua Pausch kwa matembezi, akamweka mkono begani na kumweleza kwa upole kuwa watu wanamwona mwenye majivuno, na kwamba ni bahati mbaya kwa kuwa jambo hilo litapunguza makubwa anayoweza kuyafanya maishani. Pausch hakulisahau neno hilo. Alilisimulia yeye mwenyewe hadharani, mara nyingi, kama mfano wa namna mwalimu anavyoweza kumkemea mwanafunzi bila kumvunja.

Ni van Dam huyo huyo aliyemshawishi asome shahada ya uzamivu badala ya kukimbilia kazi kwenye kampuni. Hoja yake ilikuwa ya kuchekesha: Pausch alikuwa muuzaji hodari kiasi kwamba kampuni yoyote itakayompata itamgeuza kuwa mchuuzi, hivyo ni heri auze kitu chenye thamani, yaani elimu. Carnegie Mellon walimkataa alipoomba. Van Dam akaingilia kati kwa simu, Pausch akasafiri kwenda kuonana na mkuu wa idara uso kwa uso, na hatimaye akapokewa. Alihitimu uzamivu mwaka 1988 na mwaka huo huo akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia.

Alipokuwa Virginia ndipo mawazo yaliyozaa Alice yalipoanza kujitokeza. Pausch hakuwa mtaalamu wa elimu kwa maana ya vitabuni. Taaluma yake ilikuwa uhusiano kati ya binadamu na kompyuta, yaani namna ya kutengeneza mashine na programu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitumia bila kuteseka. Katika siku ya kwanza ya darasa lake la somo hilo alikuwa akiingia na deki ya video, ambazo wakati huo zilisifika kwa kuwashinda watu kuziseti, akaiweka mezani na kuiponda kwa nyundo kubwa mbele ya wanafunzi. Alitaka wakumbuke kuwa kifaa kinapotengenezwa vibaya, mtumiaji hukasirika hadi kutamani kukivunja. Kwa Pausch, mtumiaji anayeshindwa hakuwa mjinga. Aliyekosea ni aliyetengeneza kifaa. Miaka michache baadaye alianza kuitumia kanuni hiyo kwa lugha za kompyuta zenyewe.

Mwaka 1991 alichapisha andiko lililowashangaza wenzake kuhusu uhalisia pepe, yaani teknolojia ya kumvisha mtu kifaa machoni ili aone na kuzunguka ndani ya ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta. Maabara nyingine zilitumia fedha nyingi mno kwa kazi hiyo. Pausch na wanafunzi wake walijenga mfumo wao kwa chini ya dola 5,000 wakitumia kompyuta ya kawaida na glovu ya plastiki iliyouzwa madukani kwa ajili ya watoto wanaocheza michezo ya Nintendo. Mfumo ulifanya kazi.

Utundu huo ulimfikisha hata kwenye ndege ya Shirika la Anga la Marekani, NASA, inayopaa na kushuka kwa namna inayowafanya abiria waelee kama walioko angani. Wanafunzi wake walishinda nafasi ya kuruka na mradi wao, lakini kanuni zilikataza walimu kuambatana nao. Pausch alizisoma kanuni kwa makini, akagundua kuwa mwandishi wa habari kutoka mji wa wanafunzi anaruhusiwa. Alituma karatasi mbili kwa pamoja: moja ya kujiuzulu ushauri wa wanafunzi hao na nyingine ya kuomba kusafiri kama mwanahabari. Aliruka. Wanahabari wa kweli wanaweza kumsamehe, maana aliahidi kuwapatia waandishi wenzake wa siku moja picha za safari hiyo.

Tatizo lililobaki maabara lilikuwa kubwa zaidi ya glovu. Kuutengeneza ulimwengu wa picha za pande tatu kulihitaji ujuzi wa juu wa hisabati na lugha ngumu za kompyuta, na kazi ya dakika chache kuifikiria ilichukua miezi kuiandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Pausch lilianza kutengeneza chombo cha kurahisisha kazi hiyo. Wakakiita Alice, kwa heshima ya Lewis Carroll, mwanahisabati wa Uingereza aliyeweza kuandika mambo ya mantiki na pia hadithi inayoeleweka na mtoto. Ni hadithi hiyo hiyo ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu.

Kazi kubwa ya hatua hiyo ya mwanzo ilifanywa na mwanafunzi wa Pausch, Matthew Conway, aliyeikamilisha katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1997. Watafiti waliwaita wanafunzi wa chuo wasiosoma sayansi wala uhandisi, wakawaketisha mbele ya Alice na kuwatazama wanavyokwama. Kila palipotokea mkwamo, hawakumlaumu mwanafunzi. Walibadilisha programu.

Waligundua, kwa mfano, kuwa mtu wa kawaida hafikirii kwa herufi x, y na z ambazo wahandisi huzitumia kuonyesha mielekeo. Hufikiria mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Alice ikabadilishwa: sungura akiambiwa aende mbele, huenda kule uso wake unakoelekea. Maneno ya kitaalamu ya hisabati yakaondolewa na kuwekwa maneno ya kila siku ya kusogea na kugeuka. Lugha iliyotumika wakati huo, Python, ilitofautisha herufi kubwa na ndogo, na moja ikigawanywa kwa mbili ilitoa jibu la sifuri kwa kuwa ilishughulika na namba kamili. Wataalamu walikwishazoea mambo hayo na hawakuyaona kuwa tatizo. Wanafunzi waliyaona ni kichekesho. Yote mawili yakarekebishwa ndani ya Alice.

Badiliko jingine lilikuwa dogo lakini lilizaa matunda. Katika programu za kawaida, kitu kikiagizwa kuhama hutoweka hapa na kutokea pale papo hapo. Katika Alice, bila mtumiaji kuomba, kila tendo huchukua sekunde moja na jicho hulifuata. Kwa hiyo aliyekosea agizo humwona sungura akigeukia upande usiofaa, na hapo hapo hujua kosa liko wapi.

Mwaka 1995 Pausch alichukua likizo ya kitaaluma na kwenda kufanya kazi Disney, katika kitengo kinachobuni viwanja vya burudani, ambacho miaka ya nyuma kilikuwa kimemtumia barua ya kumkataa. Barua hiyo aliitunza. Alishiriki kutengeneza mchezo wa uhalisia pepe wa Aladdin, na baada ya likizo kuisha alikataa ajira ya kudumu, akabaki kuwa mshauri wao kwa miaka mingi. Mwaka 1997 alirejea Carnegie Mellon, safari hii kama mwalimu.

Huko alianzisha somo la kujenga ulimwengu wa kompyuta lililowachanganya wanafunzi wapatao 50 kutoka idara mbalimbali: waandishi wa programu, wachoraji, wanasanaa za maonyesho, wabunifu. Waligawanywa katika makundi ya watu wanne, wakapewa wiki mbili kutengeneza ulimwengu mmoja, kisha makundi yakavunjwa na kupangwa upya. Masharti yalikuwa mawili tu: pasiwepo mauaji ya kufyatuliana risasi na pasiwepo picha za ngono. Kazi za kwanza zilipoletwa, zilikuwa bora kuliko alivyotegemea mwishoni mwa muhula. Pausch hakujua afanye nini, akampigia simu van Dam, mwalimu wake wa zamani. Alishauriwa aingie darasani kesho yake, awaambie kuwa kazi ni nzuri na kwamba anajua wanaweza kufanya vizuri zaidi.

Pamoja na Don Marinelli, profesa wa sanaa za maonyesho, alianzisha pia Kituo cha Teknolojia ya Burudani mwishoni mwa miaka ya 1990. Wawili hao, mmoja wa hesabu na mwingine wa jukwaa, walitumia ofisi moja. Pausch alikiri kuwa sifa nyingi za kituo hicho ni za Marinelli.

Wakati huo huo, taaluma ya kompyuta nchini Marekani ilikuwa ikiingia katika msukosuko. Baada ya kampuni nyingi za intaneti kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, idadi ya wanafunzi wapya wa vyuo waliokusudia kusoma sayansi ya kompyuta ilishuka kwa zaidi ya nusu katika kipindi cha miaka mitano hivi. Kwa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi: katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakipata takriban asilimia 37 ya shahada za kwanza za fani hiyo, lakini kufikia mwaka 2005 walikuwa wameshuka hadi asilimia 22 hivi. Na kati ya waliothubutu kuanza, wengi waliacha baada ya somo la kwanza tu.

Somo hilo la kwanza lilikuwa na sifa ya kukatisha tamaa. Mwanafunzi aliketi mbele ya skrini tupu, akaandika mistari kadhaa ya maagizo, akasahau nukta-mkato moja mwishoni mwa mstari, na mashine ikamrudishia orodha ndefu ya makosa asiyoyaelewa. Usiku ukaisha akitafuta mabano yaliyopotea. Na akifanikiwa, malipo yake yalikuwa namba au neno moja likitokea kwenye skrini.

Toleo la pili la Alice lililenga kuuondoa mzigo huo. Katika toleo hilo mwanafunzi haandiki maagizo kwa kibodi. Anayachagua kutoka kwenye orodha yakiwa katika umbo la vigae, anakiburuta kigae kwa kipanya na kukidondosha mahali pake. Kigae kisichofaa mahali hapo hakikubali kukaa. Kwa hiyo kosa la kusahau nukta-mkato haliwezekani kabisa. Kinachobaki ni fikra zenyewe: lipi litangulie, lipi lirudiwe mara ngapi, lipi lifanyike endapo sharti fulani limetimia, yapi yafanyike kwa pamoja. Hayo ndiyo mambo ambayo somo la kwanza la kompyuta hukusudia kuyafundisha, na ambayo kwa miaka mingi yalifukiwa chini ya vita vya nukta na mabano.

Pausch hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig walibuni lugha ya Logo mwaka 1967, ambayo ilikuja kupata umaarufu kwa kobe aliyechora mistari kwa kufuata maagizo ya watoto. Tofauti ni kwamba Pausch aliwalenga pia vijana wa chuo waliokuwa hatarini kufeli, na aliwavutia kwa kitu walichokipenda tayari, yaani filamu na michezo ya kompyuta. Mwanafunzi alidhani anatengeneza filamu fupi ya mtu wa theluji anayeteleza barafuni. Kumbe alikuwa akijifunza misingi ile ile anayofundishwa mwenzake wa lugha ya Java. Pausch aliufananisha ujanja huo na ule wa mchezaji wa mpira anayetikisa kichwa upande mmoja na kukimbilia upande mwingine, na hakuona aibu kuutumia.

Kuifikisha Alice darasani walisaidia zaidi Wanda Dann wa Chuo cha Ithaca na Stephen Cooper wa Chuo Kikuu cha Saint Joseph's, ambao waliandika pamoja na Pausch kitabu cha kiada. Takwimu zilizozungumziwa zaidi zilitoka katika vyuo vyao na kuchapishwa mwaka 2004 na Barbara Moskal, Deborah Lurie na Cooper. Waliwafuatilia wanafunzi wenye msingi hafifu wa hisabati na ambao hawakuwahi kuandika programu. Wale waliopitia Alice walipata wastani wa daraja B katika somo la kwanza la kompyuta, wakati wenzao wasioipitia walipata wastani wa C. Kwa waliopitia Alice, asilimia 88 waliendelea na somo lililofuata. Kwa wenzao ni asilimia 47 tu.

Matokeo hayo yaliwafurahisha walimu wengi, ingawa wakosoaji nao walikuwa na hoja. Makundi yaliyochunguzwa yalikuwa madogo, na wanafunzi waliosoma Alice walipata muda wa ziada darasani ambao wenzao hawakuupata. Wapo walimu walioiona Alice kuwa mchezo wa watoto usiostahili chuo kikuu. Swali zito zaidi lilikuwa jingine: mwanafunzi aliyelelewa kwa vigae visivyokubali kosa atafanya nini siku atakapoketi mbele ya skrini tupu ya Java, ambako kila nukta ina adhabu yake? Baadhi waliripoti kuwa wanafunzi wao walishtuka walipofika hapo. Ni hoja ya haki, na Pausch na wenzake hawakuipuuza. Toleo la tatu lilikusudiwa kuwa daraja la kuvukia kwenda Java, na mwaka 2012 Dann na wenzake walichapisha matokeo kuwa wanafunzi waliovushwa kwa mpango huo walifanya vizuri zaidi katika mitihani. Pausch hakuyaona.

Aliloliona, na kulifurahia, ni utafiti wa mwanafunzi wake Caitlin Kelleher. Kelleher aliwasikiliza wasichana wa umri wa miaka kati ya 11 na 14 hivi, akabaini kuwa hawakutaka tu vitu visogee. Walitaka kusimulia hadithi. Akatengeneza toleo ambalo wahusika huweza kuongea, kutembea na kugusana, badala ya kusogea na kuzunguka kama masanduku. Katika majaribio yaliyohusisha wasichana 88, waliotumia toleo la hadithi hawakuelewa misingi ya programu kuliko wenzao waliotumia Alice ya kawaida, walilingana. Lakini walitumia muda wa asilimia 42 zaidi kuandika programu, na asilimia 51 kati yao waliiba muda wa ziada kuendelea na kazi zao, ikilinganishwa na asilimia 16 ya wenzao. Kwa fani iliyokuwa ikiwapoteza wasichana kila mwaka, kuwakuta wakiiba muda wa kuandika programu halikuwa jambo dogo.

Machi 2006, kampuni ya Electronic Arts, ambako Pausch aliwahi kufanya kazi wakati wa likizo nyingine ya kitaaluma, ilitangaza kuwa itatoa bure wahusika wa mchezo wake maarufu wa The Sims ili watumike katika toleo la tatu la Alice. Mambo yalikuwa yanamnyookea.

Septemba mwaka huo huo aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, mojawapo ya saratani zinazoua haraka. Alifanyiwa upasuaji mkubwa, akapewa tibakemikali na mionzi kwa kiwango cha kuumiza, na kwa miezi kadhaa ilionekana kama ameshinda. Agosti 2007 majibu ya vipimo yakaondoa tumaini hilo. Alikuwa na mke, Jai, aliyemuoa mwaka 2000, na watoto watatu, mkubwa akiwa hajatimiza miaka sita. Familia ilihamia Chesapeake, Virginia, ili mke awe karibu na ndugu zake wakati wa msiba utakapofika.

Mhadhara wa Septemba ulimtenga na familia kwa siku ambazo zilikuwa zimekwisha kuwa chache, tena safari ya kwenda Pittsburgh iliangukia siku ya kuzaliwa ya mkewe. Keki ililetwa jukwaani na ukumbi mzima ukamwimbia. Mwishoni Pausch alifichua kuwa hata mhadhara wenyewe ulikuwa wa kutikisa kichwa upande mmoja: haukuwa kwa ajili ya waliokaa ukumbini, bali kwa ajili ya watoto wake, ambao wangeuona watakapokua.

Mwaka huo wa 2007, Chama cha Wanataaluma wa Kompyuta cha Marekani, ACM, kiliitambua kazi yake ya ualimu kwa tuzo. Umaarufu uliofuata ulikuwa wa aina nyingine: kipindi cha televisheni cha Oprah, orodha ya jarida la Time ya watu 100 wenye ushawishi zaidi duniani kwa mwaka 2008, na kitabu. Kitabu hicho alikiandika na mwanahabari Jeffrey Zaslow kwa njia ya simu, akizungumza huku akiendesha baiskeli ya mazoezi ya kila siku, mara 53, ili muda wa kitabu usitoke kwenye muda wa watoto. Kilitoka Aprili 2008 na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 40. Machi mwaka huo alikuwa amekwenda mbele ya Bunge la Marekani kuomba fedha zaidi za utafiti wa saratani ya kongosho.

Randy Pausch alifariki dunia Ijumaa, Julai 25, 2008, nyumbani Chesapeake, akiwa na umri wa miaka 47.

Kazi ya toleo la tatu la Alice iliendelea chini ya wasanifu aliowaachia, akiwamo Dennis Cosgrove, na programu hiyo imeendelea kutolewa bure. Hata hivyo, si Alice iliyokuja kuenea zaidi katika shule za dunia. Scratch, iliyozinduliwa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts mwaka ule ule wa mhadhara, ndiyo iliyochukua nafasi hiyo kwa watoto, na menyu zake zinapatikana hata kwa Kiswahili. Nayo hutumia vipande vinavyoburutwa kwa kipanya na kukataa kukaa mahali pasipofaa.

Mwaka 2009 Carnegie Mellon ilifungua daraja la waenda kwa miguu lenye jina lake. Linaunganisha jengo la sayansi ya kompyuta na jengo la sanaa, na usiku huwaka maelfu ya taa za rangi. Kwenye kuta zake yamekatwa maumbo ya pengwini, kukumbuka tuzo aliyokuwa akiitoa darasani kwa kundi lililojaribu jambo gumu kuliko wote na kushindwa, akilifananisha na pengwini wa kwanza anayejirusha majini bila kujua kama chini kuna adui.